Matonge ya Mzee Kibwana

Wanangu, namshukuru Mungu aliyenijalia nyumba hapa mtaa wa Picha ya Ndege, na kunipa umri wa kukaa ndani yake bila haraka. Nyumba hii niliijenga kwa kazi ya ajabu. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa afisa lishe, kazi yangu kuwaambia watu wale kidogo, na kila nilipokwenda kuwaambia hivyo walinikalisha mkekani wakanilisha. Nilianza kazi nikiwa na kilo hamsini na nne. Nilistaafu nikiwa na themanini na moja. Tofauti hiyo ni wagonjwa wangu.

Chuoni hawawafundishi hilo, ndiyo maana naliandika mwanzo. Ukimtembelea mgonjwa nyumbani kwake, huwezi kukataa sahani ukabaki na mgonjwa. Niliwahi kumweleza mama mmoja wa Mlandizi ubaya wa kula chapati tatu kwa mkupuo, huku mwenyewe nikimalizia ya pili. Alinitazama kwa huruma akasema, "Kula mwanangu, kazi yako ngumu." Nikala, kisha nikaendelea na somo.

Nyinyi mnaoanza sasa mna simu zinazohesabu kalori. Kijana mwenzenu mmoja alinionyesha yake juzi. Tukaiuliza kitumbua kina kalori ngapi, ikatuletea picha ya mkate wa nchi nisiyoijua na kutuuliza tumekula vikombe vingapi. Kijana akaona haya. Nikamwambia asione haya, maana mimi nilianza kazi na ujinga mkubwa kuliko wa simu yake.

Ujinga wangu ulikuwa orodha. Kila mgonjwa wa kupunguza uzito nilimpa karatasi ya vyakula vya kuacha, nimeipigia mstari mwekundu. Siku moja karatasi hiyo ilichukuliwa na Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa kituo nilichoanzia kazi, upande wa Mlandizi. Hakuwa mtawa, wakati ule wauguzi wakubwa wote tuliwaita sista. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mkatoliki wa kusali kila alfajiri, na ndiye aliyenifundisha kazi kuliko chuo.

"Zaina, umeandika nini hapa?"

"Vyakula vya kuacha, Sista."

Akasoma kwa sauti. "Vitumbua, maandazi, kashata, visheti, kalimati, halua, chipsi, soda, mihogo ya kukaanga. Umemwachia nini?"

"Mchicha."

"Na wewe saa nne utakunywa chai na mchicha?"

Kwenye droo yangu mlikuwa na vitumbua vitatu ndani ya gazeti lililolowa mafuta, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Mtu ukimwambia aache kitumbua," akasema, "siku ya tatu anakula sita kwa hasira. Mpe kimoja. Lakini mpe kama unavyotoa dawa: siku yake, saa yake, kiasi chake. Na siku hiyo mpunguzie wali."

Hiyo ndiyo elimu yote, wanangu. Mtu ana kiasi chake cha kalori kwa siku. Kile anachokipenda kiingie ndani ya kiasi hicho, kisipandishwe juu yake. Vitabu vyangu vyote vilikuwa vinazunguka maneno hayo ya Sista bila kuyafikia.

Ila mimi nilimsikia kupita kiasi. Siku ileile nilichukua cheti cha dawa na kumwandikia mwalimu mmoja wa shule ya msingi: "Kitumbua 1, Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, baada ya maji glasi moja." Nikagonga mhuri. Mwalimu, mtu mwenye kufuata utaratibu, akakipeleka cheti dirisha la dawa. Mtoa dawa wetu alikuwa mzee asiyecheka. Alikisoma, akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akarudi na kukirudisha cheti.

"Kitumbua hatuna. Kanunue nje."

Nilidhani nitafukuzwa kazi. Badala yake, mwezi uliofuata mwalimu alikuwa amepungua kilo mbili. Kumbe watu wetu wanaopuuza ushauri hawathubutu kuvunja dozi. Nikaendelea kuandika. Kila mtu akapata cheti chake: kashata nusu, mhogo wa kukaanga vipande viwili, chipsi mayai mara moja kwa wiki kwa watumishi wanaokwenda Dar na kurudi kila siku. Matatizo yakaja ya aina yake. Mama mmoja alikuja akihema. "Dada, Jumanne nilisahau dozi, Ijumaa nimekula viwili. Itanidhuru?" Mwingine aliuliza kama mumewe, ambaye si mgonjwa, anaweza kuambukizwa akionja kitumbua chake. Ikabidi nitoe hukumu kwamba kitumbua kilichopita kimepita, hakilipwi kama funga ya Ramadhani.

Tukiwa hapo, chukueni na haya ya jikoni. Mafuta ya kitumbua yawe moto sawasawa. Yakiwa ya uvuguvugu, kitumbua kinayanywa kama sifongo, na anayekula hajui alichokila. Mwenye kula kashata achague: sukari iwe kwenye kashata au kwenye chai, si kote kuwili. Na msimruhusu mgonjwa kula akipendacho akiwa amesimama. Aliyesimama hakumbuki kama amekula. Akae, aseme bismillahi, atafune, amshukuru Aliyemruzuku. Nimeona watu wakiridhika na nusu ya walichozoea kwa sababu tu walikaa chini.

Nilidhani baada ya hapo hakuna kitakachonishinda. Miaka yangu ya mwisho nikahamishiwa Kisarawe, na huko nikakutana na Mzee Kibwana.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Kurui, mkulima wa korosho na mihogo, na kwa miaka arobaini alikuwa amewasomesha Kurani watoto wa pale. Mrefu, mpana, mwenye sauti ndogo. Watoto wake walikuwa wamechanga wakamlipia Hija ya mwaka unaofuata, na daktari wa kupima mahujaji akakataa kusaini fomu yake.

"Kasema nipunguze kilo kumi na mbili," akaniambia. "Kasema kwa magoti haya na presha hii, nikienda nitasukumwa kwenye kiti."

"Wapo wengi wanaosukumwa, mzee wangu. Hija yao inapokelewa."

"Najua, mwanangu, na si aibu. Asiyekuwa na miguu ana udhuru wake. Lakini mimi miguu ninayo. Nimeizika tu chini ya pilau."

Nikamuuliza anakula nini nyumbani. Mhogo wa kuchemsha, akasema, na mchicha, na chai bila sukari. Nikamtazama tumbo. Akanitazama nikimtazama tumbo.

"Mimi sili ovyo," akasema. "Nakula kwenye shughuli tu."

"Shughuli ngapi kwa wiki?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono ukajaa, akahamia wa pili.

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kazi. Mzee Kibwana ndiye aliyekuwa msomaji wa dua wa Kurui nzima. Ndoa, hitima, akika, maulidi, mtu kuhamia nyumba mpya, zote zilimhitaji, na zote zilikuwa na pilau. Msomaji akisoma dua akaondoka bila kula, wenye shughuli hukaa wiki nzima wakijiuliza wamekosa nini. Juu ya hayo, mpishi mkuu wa shughuli zote hizo alikuwa mkewe, Bi Tatu. "Nisipokula, kwa wenye shughuli nitajibu pale pale," akasema. "Kwa Bi Tatu nitajibu nyumbani."

Na pilau ya shughuli, wanangu, huliwa watu watano kwenye sinia moja. Hakuna sahani yako. Ningempimiaje mtu chakula ambacho hakina mpaka? Nikafikiri, nikaona ujanja: nitampimia kwa matonge. Nikamwandikia matonge kumi na mawili kwa kila shughuli, basi. Akafurahi, akaenda. Mwezi uliofuata alikuwa ameongezeka kilo mbili.

"Umezidisha, mzee wangu?"

"Wallahi, kumi na mawili. Nahesabu kwa tasbihi mkono wa kushoto."

Mtu kama yule haongopi, na tasbihi ile nilikuwa naiona mkononi mwake. Nikamwambia aje na pilau. Akaja siku ya kliniki ya watoto, akiwa na Bi Tatu na hotipoti. Nikamwambia afinyange matonge kumi na mawili mbele yangu, kama anavyoyala. Akanawa. Akatia mkono wote kwenye hotipoti, mkono wa mtu aliyeshika jembe miaka sitini, akatoa tonge la kwanza. Nilipoliona nikajua kosa ni langu.

Mizani pekee iliyokuwapo ilikuwa ya watoto, ile ya saa inayoning'inia kwenye boriti na kikaptura chake cha kitambaa. Nikatandika jani la mgomba ndani ya kaptura, nikapanga matonge yote, nikaachia. Pilau ikaning'inia pale ikiyumba. Mshale ukasimama. Foleni ya akina mama ikaacha kunyonyesha.

"Mtoto wa nani huyo?" mmoja akauliza.

"Wa Mzee Kibwana," nikajibu.

"Kilo ngapi?"

"Moja na nusu."

"Uuu! Huyo njiti! Abebwe kifuani apate joto."

"Nilimbeba tumboni, mama," akasema Mzee Kibwana kwa sauti yake ndogo. "Tena mara saba kwa wiki."

Walipomaliza kucheka nikamvuta pembeni. Marehemu baba yangu alinisomesha chuo cha Kurani kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za shule, na nikaona hapa nitumie alichonipa.

"Mzee wangu, kwa sunna, chakula kinachukuliwa kwa vidole vingapi?"

Akautazama mkono wake. "Vitatu."

"Na tumbo linagawanywa mafungu mangapi?"

"Matatu. Chakula, maji na pumzi."

"Umelijua lini hilo?"

"Nalisomesha kila mwaka," akasema, akiitazama pilau yake ikiyumba. "Watoto wananiitikia."

Kuanzia siku hiyo akala kwa vidole vitatu. Lakini shughuli zilikuwa nyingi na hazikulingana, wiki hii mbili, wiki ijayo saba, kwa hiyo tukakaa kitako tupange. Yeye ndiye aliyesema haifai hitima ya ndugu wa damu iwe sawa na akika ya jirani. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Tukaandika: hitima ya ndugu wa damu, matonge sita. Ndoa yoyote, manne. Hitima ya asiye ndugu, matatu. Akika, mawili, kwa kuwa mtoto mwenyewe mdogo. Nikaona kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwambia pia aitunze kama siri ya mgonjwa, asimwonyeshe mtu. Akaikunja ile karatasi akaificha ndani ya kofia yake.

Ikafanya kazi kweli. Hata Ramadhani, mwezi ambao watu wa kwetu hunenepa kwa kufunga, alikula kalimati tatu tu kila futari, akasimama tarawehe yote bila kukalia kiti. Ilipofika Iddi alikuwa amepungua kilo tisa. Bado tatu, na muda wa kutosha.

Kisha ikaja ndoa moja ya mchana, jua kali. Mzee Kibwana akavua kofia ajifute jasho, karatasi ikadondoka juu ya sinia. Aliyeiokota aliisoma kwa sauti. Wanangu, kama kuna siku nilitamani ningekuwa sijui kuandika, ni siku hiyo.

Siku mbili baadaye, asubuhi, wakaingia ofisini kwangu Bwana Mfaume wa Kurui na dada yake Bi Sijali, wamevaa nguo za kwendea barazani. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha.

"Tumekuja kuhusu matonge yetu," akasema Bwana Mfaume.

"Matonge gani, ndugu yangu?"

"Marehemu baba yetu ndiye aliyemfundisha Kibwana juzuu amma. Kamfundisha kwa bakora na kwa mapenzi. Kwenye hitima ya baba, Kibwana kala matatu. Wiki hiyohiyo kaenda kwenye ndoa ya yule muuza mitumba, mtu wa juzi, hata kisima chetu hajakijua, kala manne! Mgeni katuzidi tonge."

"Ndoa zote ni manne, Bwana Mfaume. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa nani? Kwa nini harusi ya mgeni ishinde mauti ya mwenyeji?"

Nimesoma vitabu vyote vya lishe nilivyopewa, hilo halimo.

"Tunataka tupandishwe," akasema Bi Sijali.

"Mpande mpaka ngapi?"

"Sita."

"Sita ni ndugu wa damu, dada yangu."

Wakatazamana. Bwana Mfaume akakohoa. "Basi matano," akasema, "na mnofu."

Wakati ule nilijikaza nisicheke. Jioni yake sikuwa na haja ya kujikaza, maana alikuja Bi Tatu mwenyewe, macho mekundu.

"Umenitenga na watu, Bi Zaina. Wenzangu jikoni wananiuliza, mumeo wewe anakupa matonge mangapi?"

"Ukawajibu nini?"

"Nitajibu nini? Nimeitazama karatasi mbele na nyuma. Mke hamna!"

Na kweli hatukumwandika. Wanaume wawili wangesahau hivyo ningewalaumu, lakini mimi ni mwanamke, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kurui ikanuna. Nyumba nyingine ziliacha kumwita asome dua. Nyingine zilimwita makusudi, na watu wanne wa sinia lake wakaacha kula ili wahesabu, "Moja... mbili... hilo la tatu dogo, usilitie." Mzee Kibwana akaacha kula kabisa kwenye shughuli, na hilo likawa baya zaidi. Akaja kliniki, nikampima, amepungua nusu kilo, na sijawahi kusikitika hivyo kwa kilo iliyopungua.

"Siendi, mwanangu," akasema.

"Huendi wapi?"

"Makka. Hija inaanza kwa radhi za watu. Nimewapanga watu wa Mungu kwa daraja, nikawaweka kofiani. Nitasimamaje Arafa na Kurui imenuna?"

"Makosa ni yangu, mzee wangu. Mimi ndiye niliyeandika."

"Mkono wako, maneno yangu."

Nilijua desturi. Anayekwenda Hija hupita kila nyumba akaaga na kuomba radhi. Lakini nilijua pia kwamba kila nyumba itamkaribisha, na safari hii hakuna atakayekubali apungukiwe. Nikahesabu nyumba za ndugu, majirani na wanafunzi wake wa zamani, zikafika themanini na kitu. Nikahesabu kalori. Zile kilo zote zingerudi na wageni wao.

Nikaenda Kurui kumwomba radhi Bi Tatu kwanza, maana ndiye niliyemkosea zaidi. Nikamkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, pamoja na zile nyumba themanini. Aliendelea kupepeta, nami sijui nifukuzwe au nipewe chai.

"Hesabu yenu ilikuwa mbovu," akasema mwishowe, "kwa sababu aliyekuwa akipima ni mlaji. Apime mwenye nyumba. Kila nyumba tonge moja, moja tu, mwenye nyumba amtilie mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Nani atasema kapunjwa, na mkono ni wake? Na aende kwa miguu. Pikipiki hapana."

"Na asiyekuwa na pilau siku hiyo?"

"Tonge la ugali. La muhogo. Alicho nacho."

Akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na bakuli. Akamwita mumewe. Mzee Kibwana akaja, akakaa mbele yake kama mtoto wa chuoni. "Bi Tatu," akasema, "nisamehe. Nimekula pilau yako miaka arobaini na tatu, na sikukuandika." Bi Tatu akamtilia tonge mdomoni, kwa vidole vitatu, akamfuta kidevu na ncha ya khanga. "Moja," akasema. "Sasa ondoka."

Alianza nyumba tatu kwa siku, kisha tano. Siku za mapumziko nilifuatana naye, kwa kuwa na mimi nilikuwa na radhi za kuomba. Njia za Kurui ni za kupanda na kushuka, mikorosho huku, mihogo huku, na nyumba ziko mbalimbali. Kila mwenye nyumba, kama ilivyo kwetu, aliona haifai kumwachia mgeni njia peke yake, akamsindikiza mpaka nyumba inayofuata. Wa nyumba hiyo naye akasindikiza, na waliotangulia hawakurudi, wakitaka kuona mwenzao atatoa tonge la namna gani. Wiki ya pili tulikuwa msafara.

Kwa Bwana Mfaume tulifika wakati wa mchana. Alikuwa amepika jogoo mzima. Akanawa mikono yote miwili, akakusanya pilau, akafinyanga kitu cha ukubwa wa nazi.

"Bwana Mfaume!" nikasema.

"Tumeambiwa mkono wa mwenye nyumba."

"Mkono. Si mikono."

Watu wakaangua kicheko. Lakini Bwana Mfaume hakucheka. Mzee Kibwana akasogea karibu.

"Mfaume," akasema, "baba yako alinifundisha kusoma. Kila herufi ninayoisoma, yeye ana fungu lake. Siku ya hitima yake niliwaza tumbo langu. Nisamehe."

Bi Sijali akamgusa kaka yake begani. "Punguza, kaka. Utamuua msomaji wa baba." Bwana Mfaume akairudisha ile nazi yake siniani, akachukua tonge dogo kabisa, dogo kuliko la kwenye karatasi yetu, akamtilia mdomoni. Kisha akageuka kutazama mikorosho mpaka macho yake yakakauka.

Mimi nililishwa kila nyumba niliyofika. Hakuna aliyesema langu liwe moja. Niliongezeka kilo mbili na nusu, namshukuru Mungu kwa yote.

Siku ya daktari tulikwenda watatu. Mzee Kibwana akapanda mizani. Daktari, kijana wa makamo yenu, akaitazama fomu, akaitazama mizani.

"Kumi na moja na nusu. Bado nusu kilo, mzee."

"Nivue viatu?"

"Umeshavua."

"Daktari," akasema Bi Tatu, "hiyo nusu ni chai ya asubuhi. Tusubiri."

Daktari akafunga kalamu. Akampima presha, akapima tena kwa kutoamini. Kisha akamwambia atembee mpaka getini na kurudi, amwone anavyohema. Mzee Kibwana akatoka. Tukasubiri. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, daktari akaanza kusimama na kukaa. Bi Tatu akawa anasoma dua kwa midomo tu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kumtafuta alipotokea, anatembea kwa hatua zilezile za kupanda na kushuka Kurui, hata jasho hana.

"Ulikuwa wapi, mzee?" daktari akauliza.

"Mlinzi wa getini ni mtu wa Kurui. Hayumo kwenye nyumba nilizopita. Ikabidi nimsindikize kidogo mpaka barabarani na kurudi, nimwombe radhi."

"Kakupa tonge?" Bi Tatu akauliza kwa ukali.

"Hakuwa na kitu. Kanipa mkono."

Daktari akafungua kalamu, akasaini.

Mzee Kibwana alinipigia simu kutoka Makka, saa sita mchana nikiwa nachambua mchele. Kelele za watu nyuma yake zilikuwa nyingi, na yeye mwenyewe anahema.

"Unahema, mzee wangu. Upo salama?"

"Nahema, alhamdulillahi. Nimemaliza mizunguko saba sasa hivi."

"Kwa miguu?"

"Viti vipo vingi hapa, mwanangu. Nimevipita vyote." Akatulia avute pumzi, na mimi nikaziacha chuya zikae mchelini, maana nilikuwa sizioni. "Sikiliza, nimekupigia kwa jambo. Huku wanagawa tende njiani. Nimeshikishwa kumi. Nile ngapi?"

Miaka thelathini na moja sikuwahi kukosa hesabu ya kumpa mtu. Nikauweka ungo chini.

"Mwanangu? Nakuuliza, ngapi?"

"Hizo usihesabu," nikamwambia. "Za leo kula tu."

"Aa, umechelewa. Nimeshakula tatu, saba nimempa mzee mmoja hapa ubavuni. Lugha yake siielewi, yangu haielewi. Lakini mkono alipoufungua, nikaona ni mtu wa sinia moja na mimi."